MUHURI JUU YA DHAHABU
Wapimaji wa madini wa California waliweka majina yao rehani, na majina hayo yakasomeka baada ya miaka 131 chini ya bahari

Chukueni pete ya ndoa au bangili iliyomo katika nyumba zenu, mkaitazame upande wa ndani penye mwanga mzuri wa jua. Huenda mkaona nambari ndogo sana iliyopigwa muhuri: 375, au 585, au 750, au 916. Wengi wetu tumevaa vyombo hivyo miaka mingi pasipo kuuliza maana ya nambari hiyo. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, mpaka siku mama yangu mzazi alipoamua kuuza bangili yake.

Ilikuwa ni wakati wa kufungua shule, na karo ya mdogo wetu wa mwisho ilikuwa haijatimia. Nikafuatana na mama mpaka kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu mjini. Bwana yule aliipokea bangili, akaingia nayo nyuma ya pazia, akakaa kidogo, kisha akarudi na kusema, “Mama, hii ni gramu nane, na dhahabu yenyewe ni hafifu.” Akataja bei. Mama alinyosha mkono, akaichukua bangili yake, akasema, “Mwanangu, mzani wako sijauona.” Tukatoka.

Tulipokwenda kwa sonara mwingine, mzee aliyekaa kibarazani, yeye aliweka mzani mbele yetu, akatuonyesha nambari 750 kwa kioo cha kukuzia, akaandika hesabu yake juu ya kipande cha karatasi. Bangili ilikuwa gramu kumi na mbili. Karo ililipwa, na akiba kidogo ikabaki.

Tangu siku hiyo nilitaka kujua nambari ile inapatikanaje, na kwa nini neno la mtu mmoja juu ya madini liaminiwe na watu wengine wasiomjua. Katika kusoma kwangu, sikupata mahali jambo hili linapoonekana wazi kuliko katika historia ya mikuo ya dhahabu na fedha ya Marekani ya karne ya kumi na tisa. Mkuo ni bonge la madini lililoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, likatoka na umbo kama la tofali.

CHIMBO NA BIBO LA UNGA

Dhahabu ya California iligunduliwa tarehe 24 Januari 1848, pale James Marshall alipoona chembe zinazong'aa katika mfereji wa kinu cha mbao cha Bwana Sutter. Mwaka uliofuata watu walimiminika kutoka pande zote za dunia. Walichimba, wakachekecha mchanga wa mito, wakapata unga wa dhahabu. Lakini fedha taslimu za kununulia unga wa ngano, viatu na sepetu hazikuwako za kutosha. Basi unga wa dhahabu ukawa ndio fedha yenyewe. Mchimbaji aliingia dukani na kifuko chake cha ngozi, na mwenye duka akachota kwa vidole viwili. Husimuliwa kwamba wenye vilabu vya pombe walipenda kuajiri wahudumu wenye vidole vinene.

Kwa njia hiyo mchimbaji alipunjwa mara mbili. Kwanza alipunjwa katika kipimo, kwa sababu chote cha vidole si mzani. Pili alipunjwa katika thamani. Dhahabu itokayo ardhini si safi. Imechanganyika na fedha, na pengine shaba, na mchanganyiko huo hubadilika kutoka mto huu hadi mto ule. Sheria ya Marekani wakati ule iliweka bei ya dhahabu safi kuwa dola 20 na senti 67 kwa wakia moja ya masonara, ambayo ni gramu 31.1. Mchimbaji alilipwa mara nyingi dola 16 tu kwa wakia ya unga wake, kwa kuwa hakuna aliyejua kwa hakika ndani yake mna nini.

Hapo ndipo ilipozaliwa kazi ya mpimaji wa madini. Mchimbaji alimletea unga wake, naye akauyeyusha na kuumimina ukawa mkuo. Kisha alipima, akapiga mihuri juu ya mkuo, akamrudishia mwenyewe mali yake. Sasa mali ile ingeweza kusafiri mpaka New York au London, ikapokewa benki bila ya mtu kuichota kwa vidole.

MOTO, RISASI NA MAJIVU YA MIFUPA

Namna ya kupima dhahabu kwa moto ni ya kale sana, na mpaka leo maabara kubwa za dunia bado zinaitumia kwa sababu haijapitwa kwa uhakika. Nitaieleza kwa ufupi, maana haina uchawi wowote.

Mpimaji hukata vipande vidogo katika pembe za mkuo, kimoja juu na kingine chini upande wa pili, ili ahakikishe kwamba madini yamechanganyika sawasawa. Hupima kipande hicho kwa mzani mwepesi kabisa, unaofungiwa ndani ya sanduku la kioo usipeperushwe hata na pumzi. Huongeza fedha mara mbili na nusu au mara tatu ya dhahabu anayoikisia, akavizungushia vyote karatasi ya risasi. Risasi ninayoitaja hapa ni ile ya madini, si ya bunduki.

Kifurushi hicho hukiweka katika kikombe kidogo kilichotengenezwa kwa majivu ya mifupa, akakitia ndani ya tanuri. Risasi huyeyuka, ikashika hewa, ikanywewa na kikombe kama vile chungu kipya kinavyonywa maji, nayo huvuta pamoja nayo shaba na takataka nyingine. Kinachobaki ni shanga ndogo yenye dhahabu na fedha tupu. Shanga hiyo hupondwa ikawa bapa, kisha huchemshwa katika tindikali ya naitriki. Tindikali hula fedha, lakini dhahabu haiwezi. Mabaki ya dhahabu huoshwa, hukaushwa, hupimwa tena.

Ikiwa kipande cha kwanza kilikuwa sehemu 1,000 na dhahabu iliyobaki ni sehemu 900, basi usafi wake ni 900. Ndugu msomaji, hii ndiyo nambari iliyomo ndani ya pete yako. Pete yenye 750 ina sehemu 750 za dhahabu katika kila sehemu 1,000, na zilizobaki 250 ni madini mengine. Masonara wengine huiita karati 18. Vivyo hivyo 375 ni karati 9, 585 ni karati 14, na 916 ni karati 22.

MWENYE KUPUNGUZA AKAUMBUKA

Usidhani kwamba wapimaji na wafua sarafu wote wa California walikuwa malaika. Kabla ya serikali kufungua kiwanda chake cha sarafu mjini San Francisco mwaka 1854, watu binafsi walifua sarafu zao wenyewe. Kampuni moja iliyojulikana kwa jina la Baldwin ilitoa sarafu nzuri za kupendeza, na watu wakazipokea kwa mikono miwili.

Mwaka 1851 mwenye benki mmoja wa mji huo, James King of William, alizikusanya baadhi ya sarafu za binafsi akazipeleka kwa Augustus Humbert. Humbert alikuwa fundi wa makasha ya saa kutoka New York, na wakati huo ndiye mpimaji aliyewekwa na serikali. Matokeo yalipotangazwa, ilionekana kwamba sarafu ya Baldwin ya dola 20 ilikuwa na dhahabu ya dola 19 na senti 40 tu. Upungufu ni senti sitini. Mtu anaweza kusema senti sitini ni kitu gani? Lakini habari zilipoenea, hakuna tena aliyezitaka sarafu zile kwa thamani iliyoandikwa. Wenye mali wakafunga kazi, wakauacha mji mwaka ule ule. Waliobaki na hasara walikuwa watu wadogo waliokuwa na sarafu mfukoni. Njia ya mwongo ni fupi, lakini aghalabu huwapitia wanyonge kwanza.

Humbert, kwa upande wake, aliingia ubia mwaka 1855 na John Glover Kellogg, na jina la Kellogg & Humbert likawa miongoni mwa majina yaliyoaminiwa zaidi katika pwani ile ya magharibi.

MELI ILIYOZAMA NA AMANA ZA WATU

Dhahabu ya California ilifika New York kwa njia ya bahari na reli. Meli ilitoka San Francisco mpaka Panama, abiria na mali wakavuka nchi kavu kwa gari-moshi, kisha wakapanda meli nyingine upande wa Atlantiki. Tarehe 3 Septemba 1857 meli ya mvuke iitwayo Central America iling'oa nanga upande huo, ikiwa na watu wapatao 580 na shehena kubwa ya dhahabu. Mingi ya mikuo hiyo ilibeba muhuri wa Kellogg & Humbert. Mingine ilikuwa ya Blake & Co., ya Harris, Marchand & Co., ya Henry Hentsch, na ya Justh & Hunter.

Baada ya kupita Havana, meli ilikutana na kimbunga. Maji yakaingia, moto wa mitambo ukazimika, na wanaume wakasimama mistari wakipokezana ndoo usiku na mchana. Nahodha William Lewis Herndon, ofisa wa jeshi la majini, alipoona merikebu ndogo iitwayo Marine imekaribia, aliamuru wanawake na watoto wavushwe kwanza. Wakavushwa. Yeye mwenyewe alibaki melini. Jioni ya tarehe 12 Septemba 1857 meli ilizama, na watu wapatao 425 wakapotea, naye nahodha akiwamo. Askari wasomao makala haya wataelewa maana ya ofisa kubaki mahali pake.

Walionusurika walisimulia kwamba katika saa zile za mwisho watu walifungua mikoba yao na kumwaga dhahabu sitahani, na hapakuwa na wa kuiokota. Mtu aliyejifunga mkanda wa dhahabu kiunoni angezama upesi zaidi. Miaka mingi ya jasho ikatupwa kama pumba.

Nchi kavu nako, habari za kuzama kwa meli zilifika wakati benki za Marekani zimekwisha kutetereka, zikaongeza hofu ya mwaka ule wa 1857.

MKUO WA KILO 29

Mabaki ya meli yalilala kwenye kina cha mita 2,200 hivi, mbali na pwani ya Carolina Kusini. Mwaka 1988 kikundi cha watafiti kutoka jimbo la Ohio kiliyapata na kuanza kuinua dhahabu kwa mtambo ulioongozwa kutoka juu. Mikuo iliyopatikana ilikuwa zaidi ya 500. Mwaka 2014 msafara mwingine ulitoa mingine zaidi ya 40. Ugomvi wa nani mwenye haki ulichukua miaka mingi mahakamani, lakini huo si mjadala wetu leo.

Dhahabu haishiki kutu. Mikuo ilipofutwa uchafu, mihuri ilisomeka kama iliyopigwa jana. Kila mmoja ulikuwa na jina la mpimaji, nambari yake ya mfululizo, uzito kwa wakia, usafi katika sehemu 1,000, na thamani kwa dola na senti. Na pembeni ilionekana mahali pale mpimaji alipokata kipande cha kujaribia.

Askari aliyepata kutunza ghala la silaha anaijua kazi hii. Kila bunduki ina nambari yake, na nambari hiyo imo daftarini pamoja na jina la aliyeipokea. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wapimaji wale waliupiga muhuri wa daftari juu ya mali yenyewe.

Mkuo mkubwa kuliko yote uliopatikana mwanzoni ni kazi ya Kellogg & Humbert, nao umepewa jina la Eureka. Juu yake pameandikwa uzito wa wakia 933.94, usafi wa 903, na thamani ya dola 17,433.57. Uzito huo ni karibu kilo 29, sawa na mtoto wa miaka tisa hivi. Chukua kalamu tufanye hesabu pamoja. Wakia 933.94 ukizidisha kwa 903 na kugawanya kwa 1,000, unapata wakia 843.35 za dhahabu safi. Zidisha kwa dola 20.67, unapata dola 17,432. Dola moja na ushei iliyobaki inatokana na vijichembe vya senti vilivyokuwa juu ya 67 katika bei ya sheria. Kwa hiyo mtoto wa shule ya msingi anaweza leo kukagua kazi ya mpimaji aliyekufa zamani, akaikuta sawa. Mwaka 2001 mkuo huu uliuzwa kwa dola milioni 8.

UDONGO WA BULUU ULIOTUPWA

Mpimaji hakuwa na faida ya kuzuia wizi tu. Pengine alimwonyesha mtu utajiri alioukanyaga. Katika mwaka 1859 wachimbaji wa mahali paitwapo sasa Virginia City, katika Nevada, walikuwa wakitafuta dhahabu na kusumbuliwa na udongo mzito wa rangi ya buluu uliokwama katika vifaa vyao. Waliulaani na kuutupa kando. Sehemu ya udongo huo ilipelekwa kwa wapimaji ng'ambo ya milima, California. Wakastaajabu. Ulikuwa umejaa fedha, ya thamani ya zaidi ya dola 3,000 kwa tani, mbali na dhahabu iliyokuwamo.

Hivyo ndivyo ulivyofunuliwa mwamba wa fedha wa Comstock, uliopewa jina la Henry Comstock. Lakini Comstock mwenyewe aliuza haki yake mapema, kabla hajajua ukubwa wake, akafa maskini mwaka 1870. Mikuo ya fedha iliyotoka huko ilipigwa mihuri ya aina mbili: usafi wa fedha na usafi wa dhahabu iliyochanganyika nayo, kila kimoja na thamani yake. Asiyepima angeliuza vyote kwa bei ya kimoja.

MUHURI NAO HUGHUSHIWA

Mikuo mingi ya zamani haikubaki. Ilipofika New York au London iliyeyushwa ikawa sarafu. Kwa sababu ya uchache huo, katika karne ya ishirini wakusanyaji wa vitu vya kale walianza kuilipia mara nyingi zaidi ya thamani ya madini yake. Penye asali hapakosi nyuki, na matapeli wakaja. Ilitokea mikuo yenye majina ya wapimaji wa zamani ambayo asili yake haikueleweka. Mwaka 1996 mtaalamu wa sarafu Theodore Buttrey alisimama mbele ya wataalamu wenzake akatoa hoja kwamba mingi miongoni mwake ni ya bandia. Ubishi ukawa mkali.

Hapo mikuo ya Central America ikawa shahidi wa thamani, kwani asili yake haikuweza kutiliwa shaka. Ilitoka chini ya bahari, mahali ambapo hakuna mghushi aliyeweza kufika. Kwa kuilinganisha nayo, mtu aliweza kuona herufi za kweli za kila nyumba ya upimaji, mpangilio wake, na namna hesabu zake zilivyofanywa.

SISI NYUMBANI TUFANYE NINI?

Nchi zetu nazo zina dhahabu. Huchimbwa Buhweju, Busia, Mubende na Karamoja, na ng'ambo ya mpaka katika Ituri. Na katika miji yetu wamo watu wanaouza shaba ya njano iliyong'arishwa wakisema ni mikuo ya dhahabu. Ndugu zetu polisi wanazijua kesi hizo. Mstaafu anayetaka kuzungusha kiinua mgongo chake ndiye windo wanalolipenda. Basi tushike mambo haya machache.

Kwanza, mzani uwe mbele ya macho yako, na uanze kwenye sifuri. Mali yako isiende nyuma ya pazia.

Pili, ifahamu hesabu. Uzito kwa gramu, zidisha kwa nambari ya muhuri, gawanya kwa 1,000. Hiyo ndiyo dhahabu safi uliyo nayo. Bangili ya mama yangu ilikuwa gramu 12 zenye 750, yaani gramu 9 safi. Kisha uliza bei ya siku hiyo ya gramu moja ya dhahabu safi. Mnunuzi atakata faida yake, nayo ni haki yake, lakini utajua amekata kiasi gani.

Tatu, unaweza kujaribu kwa maji. Dhahabu ni nzito mara 19.3 kuliko maji. Kipande cha dhahabu safi cha gramu 19.3 kikining'inizwa kwa uzi ndani ya maji, uzito wake hupungua gramu moja tu. Shaba ya njano yenye uzito huo huo hupungua gramu mbili na zaidi. Lakini jihadhari: jaribio hili halitoshi kwa mkuo mkubwa, kwa kuwa kuna madini yaitwayo tangisteni ambayo uzito wake hukaribia sana ule wa dhahabu, na matapeli huyaficha ndani. Mkuo hupimwa na maabara, kwa kukatwa na kwa moto, kabla ya senti moja kutoka mfukoni.

Nne, muhuri peke yake si ushahidi. Uliza ni wa nani, yuko wapi, na daftari lake liko wapi. Mwuzaji anayekukataza kupima, au anayekuharakisha kwa sababu eti ndege inaondoka, amekwisha kukujibu.

Tano, andikiana. Karatasi yenye tarehe, uzito, usafi, bei na majina ya pande mbili ihifadhiwe pamoja na hati za nyumba.

Mzee yule wa kibarazani alimwandikia mama karatasi ya namna hiyo. Sikumwomba mimi, wala mama hakumwomba. Aliandika uzito, nambari, hesabu na bei, kisha chini yake akatia jina lake kwa herufi zilizosomeka. Mama bado anaitunza karatasi ile ndani ya Kitabu chake, ingawa bangili haiko tena. Ninapomwuliza sababu, husema mtoto wetu wa mwisho akimaliza masomo na kupata kazi, ataonyeshwa hesabu ya kilichomsomesha.